Amina Iliyomwaga Chembe za Sumaku

Sifa ni kwa Mungu aliyetuamsha salama, hata sisi tunaojiaibisha kabla ya saa sita mchana. Leo nimeumbuka, ndugu zangu.

Nawaandikia barua pepe hii kutoka Makambako. Anayechapa ni binti yangu Tumaini, kwa hiyo siwezi kupunguza neno.

Tumaini anaomba bodi ya sekondari moja ya binafsi, hizi zilizofunguliwa juzijuzi, impe chumba cha kufundishia sayansi wakati wa likizo. Bodi ilitaka kwanza kuona atakachofundisha. Alikuwa na kichupa kimoja tu, amekuja nacho kutoka chuo kikuu. Ndani mna chembe za sumaku, ndogo kuliko vumbi, zimevishwa kitu kinachonasa protini ya aina moja na kuziacha nyingine. Akachanganya na ute wa yai uliozimuliwa kwa maji. Mimi nilitakiwa kushika kichupa, na kando yake sumaku ya spika mbovu (kusaidia niliomba mwenyewe).

Nikashika, bodi ikitazama. Ukungu wa asubuhi ulikuwa bado dirishani. Ndani ya kichupa nako kulikuwa na ukungu, wa kahawia, ukisogea polepole kuelekea sumaku, ukibeba ulichokinasa. Maji yakaanza kung'aa. Nikaona kama makutano wakiitwa nyumbani, kila mmoja kwa jina lake. Nikasahau nilipo.

"Baba, mwaga maji sasa," Tumaini akaninong'oneza. "Sumaku usiitoe."

Nikainamisha kichupa juu ya ndoo ya maji ya deki. Mlango ukafunguliwa, akaingia mchungaji, mjumbe wa bodi aliyechelewa.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!" nikajibu, na mkono nikauinua juu, kama nilivyozoea tangu ujana. Mkono wenye sumaku.

Chembe zote zikaenda na maji. Tumaini akabaki kuitazama ndoo.

Nikapiga magoti (si kwa sala), nikaanza kuopoa kwa sumaku. Ikatoka na msumari na kibanio cha nywele.

"Baba," Tumaini akasema taratibu, "hiyo si protini."

Bodi nzima ilicheka, mchungaji akiwa wa kwanza. Lakini mwenyekiti, Alhaji mmoja muuza mbao, alifuta machozi akasema, "Sumaku ilipokuwepo, zilitulia. Ilipoondoka, zikaondoka. Binti, somo nimelielewa kuliko kama ungefaulu. Chumba chukua. Ila mzee wako abaki nyumbani."

Nimekubali kwa shukrani. Mungu awabariki nyote msomao, na awajalie mikono iliyotulia kuliko yangu.