Maji ya Sheki Hayauzwi

Gedion Kyule hakuwa mwizi, na aliyemwita hivyo alimwonea. Mwizi huvunja mlango. Kyule alibisha hodi, akakaribishwa, akapewa chai, na alipoondoka mwenye nyumba alimsindikiza hadi barabarani akimshukuru. Kwa miaka kumi na mitano mjini Kitui alikuwa ameuza mashamba yaliyo katikati ya mto, mbegu za mahindi zisizohitaji mvua, na mara moja, kwa mwalimu mkuu mstaafu, nafasi ya kwanza kwenye foleni ya mradi ambao haukuwepo.

Siku moja ya Septemba, jua likiwa limekausha hata mate mdomoni, alikuwa kwenye kibanda cha chai karibu na soko aliposikia mabishano. Mwanamke mwenye buibui alikuwa ameweka chini mtungi wake wa lita tano apumzike. Mwenye duka la nguo alimnyoshea noti.

"Niuzie nusu tu, mama."

"Maji ya Sheki hayauzwi," mwanamke akasema. "Lete kikombe."

Akammiminia bure hadi pomoni, akajitwika mtungi, akaenda zake.

Chai ya Kyule ikapoa. Hayauzwi! Katika maisha yake hakuwahi kukutana na kitu kisichouzwa. Alikuwa amekutana tu na vitu ambavyo bado havijapata muuzaji.

Kufikia jioni alikuwa ameuliza akajua yote aliyodhani yanahitajika. Kulikuwa na kilima mwendo wa saa moja kutoka mjini, watu wa huko walipaita Kwa Sheki. Juu yake palikuwa na kaburi la mtu mmoja mcha Mungu wa zamani, Sheikh Amin, na kando ya kaburi kisima alichokichimba mwenyewe. Visima vingine vyote vikikauka, hicho hakikauki. Waislamu wa Kitui na Mwingi walikwenda kuzuru, wakasoma dua, wakarudi na maji. Mtunzaji wa mahali hapo alikuwa bibi mmoja mzee. Bibi mmoja mzee! Kyule alilala usingizi wa mtoto.

Asubuhi alimpigia Nthiwa wa Malili. Nthiwa alikuwa na kiwanda kidogo cha maji ya chupa kando ya barabara kuu, tumbo kubwa, na hamu ya kuwa mwakilishi wa wadi ambayo alikuwa hajaamua bado ni wadi gani.

"Mheshimiwa," Kyule akaanza, na Nthiwa upande wa pili akakaa vizuri kwenye kiti. "Mimi ni katibu wa kamati ya kaburi la Sheikh Amin. Kamati imeamua kuuza haki ya maji. Watu wa pwani wanayataka, lakini mimi nikasema, kwa nini mali ya Ukambani iende pwani?"

"Hapo umesema kweli. Lakini mimi ni mzee wa kanisa, bwana katibu. Mambo ya masheki siamini."

"Si lazima uamini. Atakayeamini ni mnunuzi."

Nthiwa akacheka mpaka akakohoa. Akatuma malipo ya kwanza kwa simu, akasema ya mwisho atatoa mkononi, siku atakayoleta pampu yake mwenyewe na kuona kwa macho kisima kikivutwa mchana kutwa bila kukauka. Nthiwa alikuwa na tamaa, lakini si mjinga. Wengi hudhani mambo hayo mawili hukaa nyumba moja.

Sasa ilibaki kumlainisha bibi. Kyule alivaa koti lake la usomi, lile lenye viraka vya ngozi viwikoni, akapanda bodaboda hadi Kwa Sheki. Alikuta ukuta wa mawe, mlango wa bati, kaburi refu lililofunikwa kitambaa cha kijani kilichopauka, na juu yake mbingu tupu. Paa lilikuwa limechukuliwa na upepo. Mtunzaji, Bi Shufaa, alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua pojo. Zamani aliuza kuku sokoni, na macho yake yalikuwa bado na desturi ya kukadiria uzito.

Kyule akatoa salamu ndefu kuliko ilivyohitajika, akajitambulisha kuwa mtafiti wa urithi. Alitumwa kuandika historia ya Sheikh, akasema, na baadaye wataalamu watakuja na pampu kupima kisima.

"Alhamdulillahi," Bi Shufaa akasema. "Miaka mitatu nabisha milango ya wakubwa nikiomba paa na pampu. Nimepewa kalenda tatu. Wanawake wangu wanavuta maji kwa kamba, futi arobaini, na juzi mmoja kamba imemkata kiganja hadi mfupa. Karibu, mwanangu. Lakini historia ya Sheikh hasimuliwi mtu aliyekaa. Wanafunzi wake walisikiliza wakifanya kazi."

Akampa brashi na ndoo ya chokaa.

Basi Kyule, ambaye hakuwa amepaka hata chumba chake mwenyewe, akapaka ukuta wa kaburi siku mbili mfululizo huku Bi Shufaa akisimulia. Alimweleza jinsi Amin alivyopanda kutoka pwani na msafara wa biashara, kijana wa shanga na vitambaa, akashikwa na homa kilimani hapo. Wenzake wakamwacha chini ya kichaka wakijua atakufa. Msichana wa Kikamba, Syombua, akampata, akamlisha uji kwa kijiko cha kibuyu mwezi mzima. Alipopona hakurudi. Alisema, "Nilikuja kuuza, nikapewa bure. Sasa nina deni lisilolipika." Akamposa Syombua, akachimba kisima, na kila Ijumaa usiku wakaketi wachache kufanya dhikri, wakilitaja jina la Mungu hadi pumzi zao zikawa moja. Mwalimu wake wa pwani alikuwa wa tarika ya Kadiria, na ijaza aliyopewa, ile ruhusa ya kufundisha, ilikuwa na sharti moja tu: asimfukuze mtu.

"Ikaja njaa," Bi Shufaa akasema. "Wenye nguvu wakamwambia aweke walinzi kisimani, auze maji kwa mbuzi. Angekuwa tajiri. Yeye akang'oa mlango wa kisima, akautia motoni, akawapikia wageni. Umepaka vibaya hapo kwenye kona, mwanangu."

Kyule akapaka kona. Alikuwa anasikiliza kwa sikio moja tu, lakini lilikuwa sikio zuri.

Siku ya tatu akaambiwa kisima kinahitaji kuzolewa tope kabla ya wataalamu kuja. Hilo lilimfaa, kwa kuwa pampu ya Nthiwa isingependa tope. Akavua koti, akaliweka ukingoni, akateremshwa kwa kamba na vijana wawili wa jirani. Alikuwa futi arobaini chini ya ardhi, matope magotini, koti lilipoanza kulia.

Bi Shufaa akaitoa simu mfukoni, akaibonyeza.

"Bwana katibu!" sauti ikanguruma. "Ni Nthiwa wa Malili. Hiyo kaburi yako hujauzia mtu mwingine?"

Bi Shufaa akatazama kisimani, akatazama kaburini, akavuta kigoda na kuketi.

"Katibu ameshuka kidogo," akasema kwa upole. "Mimi ni mama wa kufagia. Kwani umenunua kaburi, baba?"

"Si kaburi, ni maji! Nimeshatoa pesa ya kwanza. Hakukwambia?"

"Mimi mfagiaji nitaambiwa nini?"

Na kwa kuwa hakuna mtu anayefichwa siri kidogo kama mfagiaji, Nthiwa akamweleza yote: haki ya maji, malipo, pampu, chupa zenye picha ya mzee mwenye ndevu. Bi Shufaa akasikiliza akiitikia "ehe" na "aiya" panapofaa.

"Na utaleta sola ngapi?" akauliza mwishoni.

"Mbili."

"Kisima hiki ni kirefu, baba. Lete nne. Na tangi, ili uone maji yakikaa. Kubwa."

"Kwa kufagia unajua mambo, mama."

"Vumbi linafundisha. Njoo Alhamisi. Vaa vizuri, wakubwa watakuwepo."

Akairudisha simu mfukoni. Kutoka chini ikapanda sauti ya Kyule, "Nani alikuwa anapiga?"

"Mtu wa maji," Bi Shufaa akajibu, na kwa hilo hakusema uongo. "Anasema Alhamisi."

Kyule akafurahi huko chini, akazoa tope kwa bidii mpya.

Alhamisi alifika mapema, kanzu ya kuazima ikimfika nusu ya miguu. Mpango wake ulikuwa mwepesi: pampu ivute, Nthiwa aridhike, malipo ya mwisho yaingie mkononi, na kabla ya jua kutua Kyule awe mbali. Alipokaribia kilima akasikia matari.

Watu walikuwa wamejaa. Wanawake wa Mwingi na masufuria ya pilau, wazee wenye kofia, watoto wa madrasa, majirani wakulima Wakristo waliokuja kushuhudia, naibu wa chifu, na Mwalimu Musa wa madrasa ameshika kipaza sauti. Bi Shufaa alikuwa amesogeza hauli, ile siku ya kila mwaka ya kumkumbuka Sheikh, mbele kwa majuma matatu. Sheikh, alieleza baadaye, hakuwa mtu wa kushikilia tarehe.

Kandokando ya kisima mafundi wa Nthiwa walikuwa wamemaliza kufunga. Sola nne ziling'aa. Maji yalianguka ndani ya tangi jeusi kwa kishindo kama mvua ya Novemba, na wanawake walikuwa wamesimama mbele yake, mmoja wao kiganja kimefungwa kitambaa. Nthiwa, ndani ya suti, aligeuka huku na huku akitafuta kamati. Kyule akageuka kutafuta njia. Mkono mkavu ukamshika kiwiko.

"Mtafiti wangu," Bi Shufaa akasema. "Njoo mbele."

Alikichukua kipaza sauti kutoka kwa Mwalimu Musa.

"Ndugu zangu, waungwana wamekwisha, lakini wawili wamebaki. Huyu ni Bwana Nthiwa wa Malili. Hakuombwa. Amesikia kwamba mama zenu wanakatwa na kamba, akaleta pampu, sola nne na tangi, wakfu kwa kisima cha Sheikh, Mwislamu anywe, Mkristo anywe, na ng'ombe anywe."

Vigelegele vikapaa. Nthiwa akafungua mdomo. Mtu nyuma akapiga kelele, "Mheshimiwa!" na wengine wakadakia, "Mheshimiwa! Mheshimiwa!" Mdomo ukafungwa. Nthiwa akauhesabu umati kwa macho, akahesabu tena, akanyosha mkono kuomba kipaza sauti.

"Hii kitu," akasema, na machozi ya kweli yakamlenga, ingawa hakuna aliyejua yalitoka wapi, "nilikuwa nayo kwa roho muda mrefu."

"Na huyu," Bi Shufaa akaendelea watu walipotulia, "ni Bwana Kyule. Bwana Nthiwa alimpa pesa za paa la kaburi. Wangapi wangezila? Yeye amezitunza kwenye simu yake, zote, akisubiri mashahidi. Kavindu wa duka la mabati huyu hapa. Mtumie, mwanangu, watu waone uaminifu."

Kyule aliwatazama watu mia mbili. Akamtazama naibu wa chifu, ambaye kwa sababu zake mwenyewe alikuwa akimtazama kwa makini sana. Akamtazama Nthiwa, ambaye sasa alielewa kila kitu na hangeweza kusema lolote. Akatoa simu. Akaandika nambari. Simu ikamuuliza kama ana uhakika, naye hakuwahi kuulizwa swali la kikatili kuliko hilo.

"Zimeingia!" Kavindu akasema, na matari yakalipuka.

Katikati ya shangwe Nthiwa alimkumbatia Kyule kindugu, akamnong'oneza sikioni, "Ukikanyaga Malili, nitakufanya wewe ndio kaburi." Kisha akaenda kupiga picha na wazee.

Jioni wageni walipotawanyika Kyule alikuwa ameketi ukutani, hana nauli, hana Malili, kanzu ina chokaa. Bi Shufaa akamletea sahani ya pilau.

"Ulijua lini?" Kyule akamuuliza.

"Mtafiti uliyesikiliza siku mbili bila kuandika neno? Kabla hujamaliza ukuta wa kwanza. Simu iliniongezea jina la mnunuzi tu." Akaketi. "Kula. Kuna watu wa Tawa wamechelewa, wanataka kuelezwa habari za Sheikh, na mimi sauti imenikauka. Waambie. Unayajua yote."

"Hata baada ya haya?"

"Sharti ni asifukuzwe mtu. Mimi nisingekuwekea sharti hilo, lakini si langu."

Walikuwa watu saba, wamechoka na safari. Kyule akajifuta mdomo, akasimama kando ya kaburi, na ulimi ukaamka wenyewe. Alisimulia homa, kijiko cha kibuyu, dhikri za Ijumaa. Alipofika kwenye njaa akamtia simba mlangoni mwa kisima.

"Simba hakuwepo," Bi Shufaa akasema kutoka gizani.

Kyule akamtoa simba. Akasema ilivyokuwa: mtu mmoja, mlango mmoja, moto, na wageni wakila. Mama mmoja wa Tawa akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akamwekea noti kiganjani.

"Ni kweli alikataa kuuza? Hata mara moja?"

Kyule alikuwa na majibu matatu bora zaidi tayari ulimini. Akayapima moja moja, akaona kwamba hakuna hata moja linalolishinda lile la kweli, na jambo hilo likamuudhi sana.

"Hata mara moja, mwaitu," akasema, akimrudishia noti. "Na sanduku la sadaka liko pale mlangoni."