Gari ya Kazi na Gari ya Kasi

Jumatano, 1 Agosti 1979
Ogari wangu anasema asipopata kazi kwa Gulled pale Keroka, Jumatatu anapanda basi kwenda Nairobi. Mtoto ambaye soksi zake bado nazitafuta mimi.

Gulled mwenye gereji anataka fundi mmoja. Waliobaki ni Ogari na Nyangau, kijana wa jirani yangu Bitutu. Atawapima Jumapili kwa mashindano ya kuzunguka mapipa uwanjani. Ndugu yake Shueib ametoka ng'ambo na magari mawili, kila moja ukubwa wa kuku anayeatamia, yanaendeshwa kwa redio. Nikauliza redio yenyewe inashika stesheni gani. Vijana wa gereji wakacheka mpaka wakashika mapipa. Kumbe ni kisanduku cha kuliongozea, chenye antena tu.

Alhamisi, 2 Agosti
Nimekwenda kukagua na Nyanchama, binti yangu mkubwa, mwalimu wa darasa la tatu. Magari yamevuliwa bodi, chasisi tupu. Ya zamani ni ya chuma, nzito, ungeweza kuzuia mlango nayo. Mpya ni kibao chembamba na springi ndogo ndogo. Ukipiga chafya inahama. Gulled akaeleza kwamba ya zamani ni gari ya kazi, mpya ni gari ya kasi. Nimeandika kama Nyanchama alivyonisahihisha. Kwa masikio yangu mzee alisema neno moja mara mbili.

Ogari anataka mpya, eti inashika kona. Kona gani, na uwanja wa Keroka ni mawe matupu? Itavunjika. Ya zamani ndiyo yake. Nitampangia kimya kimya.

Ijumaa, 3 Agosti
Mkungu wa ndizi kichwani, njia nzima mazoezi ya ile z: kazzzi. Mama mmoja akakimbia, akidhani ni nyuki.

Kwa Gulled nikamkuta Bitutu na jogoo. Akasema anapita tu. Na jogoo? Akauliza kama ndizi zangu nazo zinatembea. Tukasalimiana vizuri sana.

Alipoondoka nikamwomba Gulled ampe mwanangu gari ya kazi. Akauliza kama nina hakika. Nikasema hiyo hiyo. Akasema kijana ana mama jasiri. Herufi yangu ilitoka safi.

Jumapili, 5 Agosti
Aibu. Gulled akamkabidhi Ogari ile mpya. Nikapaza sauti kwamba ni makosa. Akajibu mbele ya watu wote: lakini Mama Ogari, si wewe mwenyewe uliyeomba ya kasi? Nyanchama akafunika uso. Ogari akanitabasamia. Alidhani nimemtetea.

Na kweli ilishika kona. Pipa la kwanza, la pili, na Nyangau nyuma, chuma chake kinakohoa. Nikaanza vigelegele. Pipa la tatu, jiwe. Gari ikaruka, ikatua ndani ya sufuria ya uji ambao Bitutu aliwaletea watazamaji, na redio bado inaiamuru iende. Magurudumu yakarusha uji wa wimbi mpaka kwenye kanzu ya Shueib. Nyangau akamaliza peke yake. Bitutu akapiga vigelegele na uji kwenye nyusi.

Nyumbani Ogari akaanza kukunja mashati. Kila alilokunja nililikunjua.

Jumatatu, 6 Agosti
Kabla ya saa ya basi nimemfikia Gulled mbio. Nikamwambia Nyangau abaki na ushindi wake, lakini na wangu apewe kazi, hata kidogo. Nikalia. Gulled akashangaa. Kasi tena? Akafikiri. Akasema kama ni kasi, nafasi ya dereva ipo: pikapu yake ya magazeti, Kisii mpaka Kericho, ambayo haingoji mtu.

Ogari ana leseni. Haendi Nairobi. Atakula kwangu kila jioni. Mungu ni mwema.

Jumanne, 7 Agosti
Nimesimama kando ya barabara nimpungie mwanangu mkono. Sikuona uso, niliona vumbi. Kuku wangu wawili hawana mkia. Bitutu ameniambia kwa upole kwamba Nyangau wake yuko chini ya lori, na lori limesimama.

Hapana. Nakwenda kwa Gulled sasa hivi aipunguze mbio hiyo. Nyanchama ameomba kunisindikiza, nimekataa. Ile herufi sasa nimeiweza, tangu asubuhi naitamka mbele ya ng'ombe. Nitasema wazi, nisieleweke vibaya: Bwana Gulled, asante kwa yote, ila nakuomba umwondolee mwanangu hiyo kazzzi.