Mkwe Asiye na Ukuta

Likasi (Jadotville kwa wanaoandika bahasha), mtaa wa Kikula
Tarehe 9 Juni 1961

Kwa Baba Mkwe mheshimiwa, Papa Séraphin, Kakanda
Kuhusu: ukuta usiokuwepo

Baba,

Kwa heshima zote, nikiwa nimevua kofia ingawa masikio yananiuma kwa baridi, naleta malalamiko yangu mbele yako. Mimi Barnabé, mume wa binti yako Mélanie na karani wa mizani kwenye machimbo ya chokaa ya Kakontwe, si mtu wa kulalamika. Unanijua tangu siku nilipokuja kuposa. Ulinikalisha kwenye kigoda chenye miguu miwili na nusu, nikakaa saa tatu, sikusema kitu.

Nyumba aliyoniachia marehemu baba yangu ni ya matofali ya udongo, na mchwa wameishi humo miaka mingi kuliko mimi. Mvua zilipokatika mwezi wa tano, niliamua kuitengeneza kabla mtoto wetu wa kwanza hajaja. Kazi nilimpa Firmin, mpwa wako, kwa kuwa wewe mwenyewe ulisema ni fundi wa kweli. Firmin aling'oa madirisha yote mawili, kisha akabomoa ukuta wa kati, ule unaotenga sebule na chumba cha kulala. Kubomoa kulimchukua asubuhi moja. Kujenga hajaanza. Wiki iliyofuata baridi ikaingia, na pamoja na baridi akaingia mke wako, uliyemtuma aje kumtunza Mélanie mpaka ajifungue.

Jina la mke wako sithubutu kuliandika. Hapa chini nitamwita Mhusika, kama tunavyofanya kwenye ripoti za kazini.

Desturi unaijua kuliko mimi: mkwe hamtazami mama mkwe, hali naye, hasemi naye. Ni desturi nzuri sana, siipingi hata kidogo. Ila wazee waliotuachia desturi hii walikuwa na kuta. Malalamiko yangu ni haya:

1. Blanketi. Upande wangu kuna blanketi moja. Nikilitundika kwenye kamba katikati ya nyumba, Mhusika anaheshimiwa nami naganda. Nikijifunika, napata joto nami nakuwa mtu asiye na adabu. Siku tano nimechagua adabu, na sasa nina mafua. Na hata adabu yenyewe haidumu, maana upepo ukiingia pale palipokuwa na dirisha, blanketi linapaa, na mimi nalazimika kufumba macho mpaka litulie.

2. Kikohozi. Ili tusikutane ghafla, kila anayetaka kusogea hukohoa kwanza mara tatu. Mhusika anakohoa, nami nakohoa kumjibu, kutwa nzima. Jirani yetu Mama Angèle alituhurumia, akatuletea chupa ya dawa ya kifua. Dawa tumeinywa na kikohozi hakijapona.

3. Kutembea kinyumenyume. Kila ninapokwenda kumjulia hali Mélanie kitandani, naingia kwa mgongo. Jumatano niliingia kwa mgongo ndani ya beseni la potopoto, ule udongo wa kujengea wa Firmin, nikakaa humo mpaka kiunoni. Mélanie alicheka hadi nikaogopa mtoto atazaliwa siku ileile. Mhusika pia alicheka. Sikumwona, lakini nilisikia, na naomba liandikwe kwamba alicheka.

4. Mbabula. Jiko letu la mkaa ni moja tu. Tangu vizuizi vya askari magendarme vijae barabarani, mkaa unafika Likasi kwa kubahatisha, na nyumba haiwezi kuwasha mbabula mbili. Basi tunaota moto mmoja, Mhusika upande huu na mimi upande ule, tumepeana migongo. Mgongo wangu umeiva, kifua bado kibichi. Na hapo ndipo jambo la ajabu lilipoanza. Kwa kuwa hawezi kusema nami, Mhusika anasema na mbabula. Juzi aliiambia hivi: "Weye mbabula, ambia ule muntu iko nyuma yako avale tricot. Atakufa na baridi, na mutoto hayazaliwa bado." Nikaijibu mbabula kwamba tricot, sweta yangu pekee, imelowa potopoto. Kesho yake nilikuta nyingine imekunjwa juu ya kigoda changu, ya kijani, ina harufu ya moshi wa kwenu. Tangu hapo mbabula imenifundisha jinsi ya kupika sombe, yale majani ya muhogo, imenieleza ugomvi wenu wa mwaka wa arobaini na saba, na imeniambia kwamba wewe, Baba, unakoroma. Haya yote sikutaka kuyajua.

5. Firmin. Nikimwuliza ukuta uko wapi, ananijibu: "Patron, potopoto hayakauka bado. Jua ya mwezi hii iko na uvivu." Kisha anaomba nafasi kwenye mbabula. Sasa tunaota watatu, na yeye peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kutazama pande zote.

6. Hili ndilo kubwa. Jana Mhusika aliiambia mbabula kwamba aibu imemfika shingoni, na ukuta usipokuwa umesimama kufikia Jumapili ijayo, atarudi Kakanda. Mélanie akasema mama yake akiondoka, naye anaondoka naye kwenda kuzalia huko. Baba, barabara ile ina vizuizi vitatu, na mwezi wa Mélanie wa kujifungua umeshatimia. Naogopa, nasema wazi. Naogopa mtoto wangu wa kwanza azaliwe ndani ya kamyo, lori la mizigo, huku mtu mwenye bunduki akiuliza karatasi.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo.

Kwanza, umwandikie Firmin barua kali.

Pili, barua ikishindwa, unipe cheti chenye dole gumba lako kinachosema kwamba mimi ni kipofu kuanzia leo hadi potopoto ikauke. Nitakivaa shingoni.

Tatu, kama upofu wa karatasi hautoshi, nakuomba utangaze kwamba kwa muda wa baridi mimi na Mélanie hatujaoana. Tusipokuwa tumeoana, Mhusika si mama mkwe wangu, ni mgeni tu kama wageni wengine, na tunaweza kuota moto tukiwa tumetazamana. Mahari niliyotoa, mbuzi na baiskeli, ibaki kwako. Mwezi wa nane, ukuta ukishasimama, tutaoana tena, na padri nitamweleza mimi. Usiseme haiwezekani. Mwaka jana jimbo letu zima lililala Kongo likaamka nchi nyingine, na hakuna aliyeulizwa. Nyumba ya vyumba viwili itashindwa nini?

Natumaini utalitazama jambo hili kwa macho mawili, wewe unayeruhusiwa. Wasalimie wote nyumbani, babu, shangazi Georgette, watoto wa Michel, na yule jogoo aliyenifukuza siku ya posa.

Mimi mkwe wako mtiifu, mwenye mafua,
Barnabé

N.B. Tarehe 24 Juni. Barua hii haijaondoka kwa sababu kamyo ya Isidore, iliyokuwa iilete, imekaa kwenye kizuizi wiki mbili. Naongeza machache.

Ukuta ulisimama Jumamosi, siku moja kabla ya muda aliotoa Mhusika. Firmin amedai niandike kwamba mimi ndiye niliyeutia ukuta wa zamani alama ya chaki na kumwamuru aubomoe, nikitaka sebule kubwa kama salon ya mainjinia. Ni kweli.

Mbabula ilibaki upande wa Mhusika na Mélanie. Siku mbili nilikaa upande wangu na tricot yangu, nikakohoa mara tatu, na hakuna aliyenijibu. Nyumba ilikuwa kimya sana, Baba. Siku ya tatu nilitoa matofali mawili chini ya ukuta, kwa ajili ya joto tu.

Alfajiri ya jana Mélanie alijifungua salama. Mtoto ni msichana. Mhusika alinipitishia mtoto kwenye tundu lile nimpokee, akisema: "Mbabula, ambia baba ya mutoto akamate kichwa muzuri." Kwa hiyo nimeiona mikono yake hadi kwenye viwiko, na kwa kosa hilo nangoja adhabu yako. Ila ujue kwamba tundu la matofali mawili halikumtosha mtoto. Tofali la tatu sikulitoa mimi.

Mtoto amepewa jina la bibi yake, hivyo sasa nina binti ambaye siwezi kutaja jina lake. Kwa muda namwita Mhusika Mdogo.

Maombi yote matatu nayafuta, hasa la tatu: mimi na Mélanie tumeoana. Leo Firmin alikuja na potopoto kuziba tundu. Mhusika amemwambia arudi wakati wa mvua.