Mto Mtondwe Hauridhiki na Vizibo Vitatu

Mtaa wa Mtondwe Chini,
Temeke,
Dar es Salaam.
Februari, kiangazi kikiwa kimekaza.

Kwa Mratibu,
Mradi wa Modeli ya Mto Mtondwe.

Ndugu Mratibu,

YAH: KUDHARAULIWA KWA MTO MBELE YA WATU WAZIMA WALIOKWISHA KUNYWA CHAI

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima na kompyuta yako ikiwa na chaji. Mimi si mzima sana, ila nitajitahidi kuandika kwa adabu, kwa kuwa utumishi wangu wote niliufanyia masjala na najua barua za hasira huishia kwenye jalada gani.

Naitwa Apolonia Kokushubila, karani mstaafu, mkazi wa huku chini ambako mto unakaribia kuingia baharini. Pia, tangu semina yenu ya mwezi uliopita, mimi ndiye Mto Mtondwe. Jambo hili nitalieleza kwa utaratibu wake.

Mlituita wadau kwenye hoteli moja ya Mbezi Beach ili mtuonyeshe modeli yenu, yaani hesabu ya kompyuta inayosema maji kiasi gani yanapita mtoni, nani achukue kiasi gani, na kiasi gani kiachwe mtoni ili mto wenyewe usife. Mto uko Temeke na semina ikawa Mbezi Beach, lakini sikuuliza. Nilidhani wataalamu huona mbali zaidi wakiwa chini ya kiyoyozi. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Namna nilivyopewa wadhifa. Nilichelewa kwa sababu ya foleni. Nilipofika, kadi za kuvaa shingoni, kila moja na jina la mtumiaji wa maji, zilikuwa zimekwisha kugawiwa. Kiwanda cha Juisi alikuwa amekaa mbele kabisa. Bomba la Mjini alikuwa na kalamu mbili na chupa ya maji ya dukani. Waosha Magari na Wafyatua Matofali walikuwa wakichekeana, na Mkulima wa Mboga alikuwa kijana mwenye kucha safi kuliko zangu. Kadi pekee iliyobaki mezani iliandikwa MTO. Kadi za wenzangu zilichapwa kwa mashine; ya mto iliandikwa kwa mkono, na wino ulikuwa umegoma kwenye herufi ya mwisho. Mhandisi wenu Gibson, kijana mwenye heshima aliyeniamkia shikamoo vizuri, alinivika ile kadi akaniambia, "Mama, we kaa tu hapo, mto hauongeagi." Nilikaa.

2. Mgawo. Gibson alimimina vizibo vya soda kwenye bakuli, akasema hayo ndiyo maji yote ya mto kwa mwezi mmoja wa kiangazi, kila mdau achukue mahitaji yake, kisha kompyuta itatuonyesha matokeo. Ndugu Mratibu, nimehudhuria harusi na misiba mingi katika jiji hili, sijawahi kuona watu wazima wakiingiza mikono bakulini namna ile. Bomba la Mjini alichota kwa viganja viwili, akasema wananchi wanateseka. Kiwanda alichota, akasema ajira. Matofali alichota, akasema makazi bora. Mkulima mwenye kucha alichota, akasema lishe. Mwosha Magari alichota bila kusema neno, na huyo ndiye niliyemheshimu.

Bakuli lilipofika kwangu lilikuwa tupu. Niliinama na magoti yangu haya nikaokota vizibo vitatu vilivyodondoka chini ya meza, kimoja kimepinda. Gibson akaviandika ubaoni: MAJI YA MAZINGIRA. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mazingira ni jina la kitaalamu la makombo. Kisha tukatangaziwa chai.

3. Chai. Sahani zilikuwa zimehesabiwa kwa idadi ya watumiaji wa maji. Mhudumu aliitazama kadi yangu, akanieleza kwa upole wote kwamba mto si mtumiaji, kwa hiyo hausomeki kwenye orodha yake. Ilibidi Mwosha Magari anikatie nusu ya chapati yake. Mimi nimekulia Kyaka, kando ya Kagera, mto ambao mpaka leo haujawahi kusimama kwenye foleni ukimezea mate chapati ya mtu. Niliumia sana.

4. Matokeo, na jinsi yalivyopokelewa. Baada ya chai Gibson aliwasha projekta. Kompyuta ikaonyesha kwamba kwa vizibo vyangu vitatu mto unakauka kabla haujatufikia. Na hapa, nisimnyime haki yake, kijana alieleza vizuri: maji ya mto yanapofika kwa wingi huku chini, huisukuma bahari irudi nyuma hata ardhini tusikoona. Yakipungua, bahari inasogea polepole. Kambare wanakufa, mikoko inakauka, na visima vinaingia chumvi. Niligeuka kuwatazama wadau wenzangu. Kiwanda alikuwa akiangalia video kwenye simu.

Mimi sikuhitaji projekta. Nina jirani, Bi Hamdiya, ambaye familia yake ina duka la nafaka hapa mtaani tangu kabla sijahamia na masanduku yangu. Uani kwake kuna kisima kilichochimbwa na marehemu baba yake. Mtaa mzima tumekunywa pale, Waislamu na Wakristo, na hajawahi kumnyima mtu ndoo. Tangu Desemba kisima kile kimeingia chumvi. Wali unapikwa pasipo kutiwa chumvi na bado unakolea. Chai hainyweki. Bi Hamdiya ana presha, daktari amemkataza chumvi kabisa, na sasa chumvi inamfuata mpaka kwenye glasi. Miguu yake imevimba hata viatu vya kuendea msikitini havimwingii. Mimi humpelekea ndoo moja ya maji baridi, yasiyo na chumvi, kila jioni, naye hunishika mkono akaniombea dua ndefu mpaka naona haya. Naandika neno hili nikijua uzito wake: yupo mtu anayemuua yule mama taratibu, na mtu huyo anajichotea maji ya mto wetu huku akijiona ana haki.

5. Kashfa. Badala ya kuwakabili walioingiza mikono bakulini, Gibson alituonyesha mstari wa bluu, akasema vipimo vyao vimegundua kitu. Kila siku, kati ya darajani na visimani, maji hupungua ghafla kuanzia saa nane mchana, kisha hurudi saa kumi. Upungufu huo haumo kwenye kadi ya mdau yeyote. Akasema, mbele ya watu, "Kuna mtu ana pampu hapo katikati. Na mto ukishakuwa mwembamba hivi, hata pampu moja inatosha kuwamaliza watu wa visima."

Nilisimama, ingawa mto hauongei. Nilimweleza kwamba kati ya darajani na visimani wanaishi watu waadilifu: wanakwaya, fundi cherehani mmoja, na mimi. Huu ndio ujinga wa mashine zenu. Kiwanda kinachokunywa mchana kutwa hakishukiwi, kwa sababu kina kadi iliyochapwa. Raia asiye na kadi ndiye anaitwa mwizi na mstari wa bluu. Nilitoa hata maelezo mbadala, kwamba saa nane jua ni kali na huenda mto nao hupumzika baada ya chakula kama viumbe wote wenye akili. Hakuna aliyeandika. Bomba la Mjini, mwenye kalamu mbili, hakuandika.

6. Madaraka yangu. Semina ilipofungwa, Gibson alikusanya projekta, bakuli, vizibo na hata chaki. Kadi yangu hakuidai. Sasa, Ndugu Mratibu, wewe ni mtu wa ofisi. Aliyeteuliwa huendelea na wadhifa wake mpaka uteuzi utenguliwe kwa maandishi, hilo nililisimamia masjala mpaka nikastaafu nalo. Nimesubiri barua ya kutenguliwa, haikuja. Kwa hiyo bado mimi ni Mto Mtondwe, kwa mamlaka yote yanayoambatana na cheo hicho, na natoa maelekezo yafuatayo.

Vizibo vyote virudishwe bakulini na mto uchote kwanza. Wengine wagawane kitakachobaki, na wakiita ni makombo nitawafahamisha jina lake la kitaalamu. Kiwanda kiniandikie barua ya maombi, nakala tatu, nami nitajibu masika yakifika. Matofali wakafyatulie mate yao. Waosha Magari wafikiriwe, kwa ajili ya ile nusu chapati. Mto upewe muhuri, kiti cha meza kuu, na likizo ya mwaka yenye nauli ya kwenda na kurudi, maana sijui mtumishi mwingine anayefanya kazi Jumapili na sikukuu zote bila hata kuulizwa hali.

Semina ijayo ifanyike huku chini, kwenye matope, wadau wakae juu ya ndoo. Chai ichemshwe kwa maji ya kisima cha Bi Hamdiya. Atakayemaliza kikombe chake bila kukunja uso ndiye agawe vizibo.

Mwisho, ule mstari wa saa nane ufutwe kwenye kompyuta, na watu wa kati ya darajani na visimani waombwe radhi.

Nisalimie Gibson, mwambie shikamoo yake naikumbuka ingawa mdomo wake sijausamehe. Nisalimie dereva wa mradi, yule mhudumu aliyekuwa akitekeleza wajibu wake tu, na wadau wote kasoro Matofali. Bi Hamdiya naye anawasalimu; hajui mmefanya nini, ila yeye husalimu kila mtu.

Ni mimi, nikitiririka kwa utii,

Apolonia Kokushubila
KAIMU MTO MTONDWE

Nakala: Kiwanda cha Juisi, kwa utekelezaji.
Kambare waliobaki, kwa taarifa.

Tanbihi: Nilikuwa nimekwisha kufunga bahasha, nikapata ujumbe wa Gibson kwamba Alhamisi atatembea kando ya mto kutoka darajani, akitafuta pampu. Aje, simzuii. Ila asinikanyagie matembele, na asishtuke akiona mpira wa maji wa bluu unaotoka mtoni na kupita chini ya uzio wangu. Pampu ni yangu, niliifunga Desemba, na huiwasha saa nane mpaka saa kumi kwa kuwa saa hizo mtaa umelala na haisumbui mtu. Haihusiani kabisa na mambo niliyoyaeleza hapo juu. Mimi ndiye mto, na maji yakitoka mtoni yakaja kwa mto hayajaenda popote. Kwenye modeli myaandike kuwa ni matumizi ya ofisi.

Isitoshe, maji ya ndoo ya Bi Hamdiya yanatoka kwenye pampu hiyo hiyo. Jana jioni aliyaonja, akafumba macho, akasema hivi ndivyo kisima cha baba yake kilivyokuwa. Alilia kidogo. Nimemwahidi kwamba kuanzia kesho nitaiacha pampu iendelee kidogo, nimpelekee ndoo mbili.