Wanga wa Mama Mkwe

Ijumaa, 1 Agosti

…na ndiyo maana nilimwambia Elcira asihangaike, nyumba ile ni yetu. Akatabasamu! Ah, tabasamu la mke wangu! Hata mwezi hatujamaliza katika ndoa, na kila nikimwona anasuka nywele najigonga mlangoni.

Tunaishi kwa mama yake, Mama Ludomila. Kitanda chetu kiko jikoni, nyuma ya jiko la kuni. Kati yetu na mama mkwe kuna ubao mmoja tu. Tukicheka, anakohoa. Tukinyamaza, anakohoa zaidi.

Nyumba ninayoisema iko kazini kwangu, kwenye kituo cha kutotolesha kome, nyuma ya pampu. Vyumba viwili. Dirisha moja linatazama bahari, jingine linafunguka ndani ya chumba cha kome wazazi. Leo mkuu wetu, Bi Oyarzo, ametangaza kwamba atakayekuwa mlishaji wa kudumu wa kome wazazi ndiye atakayepewa. Ni mimi au Abelino Nauto. Kila mmoja ana tangi lake. Tarehe ishirini kome watazalishwa, na ambaye tangi lake litatoa mayai mengi zaidi, ufunguo ni wake.

Sheria ya chakula ni ile ile. Mwani mdogo, wa kahawia na wa kijani, tunaoukuza kwenye mifuko mirefu ya nailoni. Udondoke tone kwa tone. Maji yafanane na chai nyepesi, yasiwe supu. Na yabaki baridi.

Chai nyepesi! Kwa wazazi! Nani aliwahi kupata mtoto kwa chai nyepesi? Nimefungua koki yote.

Jumatatu, 4 Agosti

Si vizuri.

Tangi langu limekuwa kijani kama mlango wa kanisa. Kome wamegoma. Wametema nyuzi nyuzi za kamasi, zimejaa chini, zinanuka. Abelino akachungulia akaniuliza: bwana harusi, unawalisha au unawazika? Abelino ni kapera. Ana miguu mikubwa na hajui lolote kuhusu mapenzi.

Bi Oyarzo hakupaza sauti, na hilo ndilo baya. Alisema kome akizidishiwa hali, anatema, anachotema kinaoza, kinachooza kinamuua. Alisema pia nimekula akiba ya mwani ya kituo kizima. Adhabu: kome wangu watapata nusu ya chakula mpaka mifuko mipya ikomae. Nusu! Wapenzi wangu wataingia mashindanoni na njaa!

Nimesugua tangi mpaka vidole vimekunjamana. Nyumbani Elcira amenifuta mwani sikioni kwa kidole gumba chake. Ningekufa pale pale, kwa raha. Mama mkwe akakohoa.

Jumatano, 6 Agosti

Wazo! Limenijia mbele ya karai la mama mkwe!

Alikuwa amenipa viazi nikune, maana anasema mwanamume anayelala jikoni afanye kazi ya jikoni. Alipokamua viazi, maji yakatulia karaini, na chini ukabaki wanga, mweupe, laini. Nikautikisa kwa kidole. Ukaelea kama wingu. Kome anakula nini? Kinachoelea. Nani atanipinga?

Mama mkwe ameuweka kando kwa ajili ya mikate ya viazi ya Jumapili, dada yake anakuja. Nimeuchota wote kidogo kidogo. Nimeutia kwenye chupa ya chai. Akiniuliza mtu, ni chai yangu. Kila mtu hapa anatembea na chupa. Mimi ni hatari.

Ijumaa, 8 Agosti

Kome wamekunywa wingu lao bila kulalamika. Sehemu kubwa ilizama, lakini naamini waliinama kuifuata.

Nyumbani kulikuwa na kesi. Mama mkwe amegundua karai tupu. Alisema nyumba hii imeingia panya wa miguu miwili. Nilimuunga mkono kwa nguvu zote. Nilisema hata mimi nilisikia kitu kikikwaruza. Elcira alitazama mkono wa sweta langu, ambao ulikuwa na unga unga mweupe hadi kiwikoni, sijui ulitoka wapi. Kisha akamwambia mama yake ni yeye aliyeumwaga, kwa bahati mbaya. Akatukanwa mpaka usingizi.

Mke gani huyu! Anakiri hata asichokifanya! Nimebaki nikistaajabu wema wake, sijui kwa nini alijitwika.

Na mama mkwe amekuna viazi vingine. Vyekundu, safari hii. Sawa tu.

Jumatano, 13 Agosti

Ushindi! Bi Oyarzo amepasua kome mmoja wa Abelino na mmoja wangu. Wa Abelino: nyama nono, rangi ya chungwa, jike aliyejaa mayai. Wangu: vile vile! Nono! Rangi ya chungwa! Nilitaka kumbusu. Kome, siyo Bi Oyarzo.

Bi Oyarzo akanigeukia akasema: unaona, Heraldo? Nusu ya chakula imewafaa. Wale walikuwa wanahitaji kupumzika mbali na wewe.

Nikaitikia ndiyo, Bi, huku nacheka moyoni. Nusu ya chakula! Nitamwambia siri yangu siku ya kustaafu. Abelino akanung'unika kwamba ni bahati ya mtende kuota jangwani. Wivu! Wivu wa miguu mikubwa!

Elcira ameanza kushona pazia la dirisha la bahari. Kitambaa cha njano. Ameniuliza kwa sauti ya chini, upande wa pili mama mkwe akisikiliza, kama kweli tutaamka siku moja bila mtu kutukoholea. Nikamwapia. Akaegemeza kichwa begani pangu. Nitampa nyumba huyu mwanamke hata kama itabidi kome wote wa kisiwa hiki cha Chiloé walishwe viazi.

Jumanne, 19 Agosti

Yamekwisha.

Asubuhi nilisema: kesho ndiyo kesho, wapate karamu ya mwisho. Nilikuwa na chupa nzima ya wanga wa viazi vyekundu. Umeganda chini kama chokaa. Maji ya moto hapana, mimi si mjinga, wanga ukikutana na maji ya moto ni gundi. Vuguvugu basi. Na kwenye chumba cha pili, yanakoandaliwa matangi ya watoto wa kome, kuna bomba la maji vuguvugu. Nikavuta mpira wa maji. Nikalegeza wanga kwenye ndoo. Nikamimina tangini. Wingu zuri, jepesi. Nikauacha mpira ndani ya tangi unitiririshie kidogo, wingu lisizame.

Hapo Elcira akapita nje ya dirisha.

Ameniletea mkate! Kwenye mvua! Kitambaa kichwani, pua nyekundu, mkate chini ya koti ili usipoe! Ningefanya nini? Nikatoka. Nikamwambia pua yake inafanana na taa ya kukaribisha wavuvi. Akasema niache upuuzi nirudi kazini. Hakuondoka. Sikurudi. Mkate ukapoa.

Niliporudi, mpira bado unamwaga. Tangi zima jeupe. Jeupe kama maziwa! Hata sakafu ya tangi haionekani! Na ndani ya weupe kuna kijirangi cha chungwa. Nikasema: viazi vyekundu hivi vitaniua.

Kisha nikasikia gambuti za Bi Oyarzo kwenye ngazi, na sauti ya Abelino akimwambia matangi ya watoto yako tayari.

Mtu mwenye akili hafikiri mara mbili. Nikang'oa kizibo. Maji yote yakaenda zake baharini, grrr, grrr, grrr. Nikasimama mbele ya tangi nimekunja mikono. Nikapiga mluzi.

Bi Oyarzo akaingia. Akatazama tangi tupu. Akatazama kome. Mmoja wao, msaliti, bado alikuwa anatoa uzi mweupe, taratibu, kama mvuta sigara. Bi Oyarzo akachota tone lililobaki pembeni, akalipeleka kwenye hadubini. Akainama. Akakaa ameinama.

Nikashindwa kuvumilia. Nikakiri. Nikasema: Bi, nisamehe, ni wanga tu! Wa mama mkwe! Niliuiba mimi, mke wangu hana kosa! Ni viazi, naapa!

Abelino akasema: viazi gani, bwana harusi? Bi Oyarzo akasema, bila kuinua uso, kwamba anaona mayai. Mayai na mbegu za kiume, hajawahi kuona mengi hivi kutoka tangi moja. Joto la maji limewafungua. Akageuka akaketi juu ya ndoo. Akaniambia: Heraldo, ungeweka tu mikono mfukoni. Ungesimama hapo kama nguzo mpaka niingie. Usiku huu ungelala kwenye ile nyumba.

Hata Abelino hakucheka. Alinipigapiga mgongoni. Hilo sitamsamehe kamwe.

Jumatano, 20 Agosti

Kome wa Abelino wamezaa. Kwa wastani. Ufunguo amepewa.

Mimi sikufukuzwa. Nimehamishiwa kuosha mifuko ya mwani, na nimekatazwa kuvuka mlango wa chumba cha wazazi.

Nilimwambia Elcira jioni, nyuma ya jiko. Nilitaka kumweleza kuhusu wanga kwanza. Akaniambia alijua tangu sweta. Akaniuliza swali moja tu: hivi jana nilikuwa nawe nje kwa muda gani? Nikasema kwa raha: muda mrefu, tena mtamu. Akageukia ukutani. Mabega yake yakawa yanatikisika, na mimi sikujua kama analia au anacheka, mpaka nikagusa shavu lake. Lilikuwa limelowa.

Mama mkwe hakukohoa. Hilo lilikuwa baya kuliko yote.

Jumapili, 24 Agosti

Leo kijiji kizima kimemhamisha Abelino. Kwetu mtu akihama majirani wote hubeba, na mwenye nyumba hulisha. Asiyekuja anasemwa mpaka mazishini. Basi nikaenda. Nimebebeshwa godoro lake. Nimelitandika mimi mwenyewe, kwenye chumba changu, chini ya dirisha langu. Abelino akasema: karibu, bwana harusi, jisikie nyumbani. Watu wakacheka. Nikala sahani tatu.

Niliporudi, Elcira alikuwa amelikata pazia la njano vipande viwili. Amelitundika kuzunguka kitanda chetu. Mwanga wa jiko unapita ndani yake kama asali. Mama mkwe alikohoa, na kwa mara ya kwanza kikohozi kilisikika kutoka mbali, kama kutoka kijiji kingine. Mke wangu! Dhahabu! Mwenzangu asiye na mfano!

Ameniapisha mbele ya karai la mama yake kwamba sitagusa wanga tena maishani. Nimeapa kwa moyo wote, na machozi yakanitoka. Wanga, basi. Wanga ulikuwa kosa, nimeliona waziwazi.

Unga wa ngano uliokaangwa ni jambo jingine kabisa. Una harufu nzuri, ni mwepesi, na mama mkwe ana gunia zima.

Nimekumbuka pia kwamba nilikatazwa mlango. Dirisha hakuna aliyelitaja. Na lile dirisha la Abelino, la upande wa kome wazazi, nililiona leo nikitandika godoro, linafunguka bila kelele. Ni aibu kutomtembelea jirani aliyehamia. Nimekwisha mwambia tutafika, mimi na Elcira wangu, na chupa yetu ya chai, kabla mwezi huu haujaisha.