Mfamasia Anaomba Kazi Isiyo na Dada

Neiafu, Vava'u

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka kisiwani kwetu Vava'u. Sisi wazima, nguruwe wazima, nyangumi wameshafika, na paa la duka langu linavuja palepale linapovuja kila mwaka.

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi. Sijawahi kukuandikia kwa sababu sijawahi kukasirika kiasi cha kutafuta bahasha. Lakini toleo lililopita mlitoa makala ndefu, yenye picha ya kijana anayeichekea darubini, iliyoitwa "Mfamasia, Toka Nyuma ya Kaunta". Mlitutajia kazi chungu nzima tunazoweza kufanya nje ya duka. Nimezijaribu. Nalalamika, kwa adabu zote, kwamba makala ile iliandikwa na mtu asiye na dada.

Najua wewe si wa huku, kwa hiyo nieleze kidogo. Kwetu kaka na dada hawatajiani mambo ya mwili. Tangu nilipoanza kuota ndevu, mimi na dada yangu Kalolaine hatukulala tena nyumba moja, hatukutazama filamu pamoja, na mtu akianza mzaha wa chumbani mmoja wetu hutoka nje kuangalia kama mvua inakuja. Hiyo ni heshima, na siilalamikii. Shida ni upana wa ukoo. Binti wa mama mdogo ni dada. Binti wa baba mkubwa ni dada. Binti wa binamu ya babu, ukimwuliza shangazi yangu Fusi, naye ni dada, tena wa karibu.

Sasa mwanamke anaingia dukani anataka dawa ya fangasi. Ananikuta mimi. Anageuka kwenye rafu iliyo jirani na kununua mswaki. Ndiyo maana mji wetu una meno safi kuliko miji yote, na wanawake wanaowashwa.

Zamani alikuwepo Bi Meliame, aliyewahudumia wanawake, lakini alihamia Auckland kulea wajukuu. Nikaajiri msichana mahali pake. Wiki hiyohiyo shangazi akagundua kwamba ni dada yangu kwa upande wa bibi, tukawa watu wawili kwenye duka la dawa tusioweza kutamka neno "choo". Akaenda kufanya kazi benki.

Mwezi wa tano Kalolaine akaja. Jumatatu alinunua mswaki. Jumatano alinunua mswaki. Ijumaa aliingia ameshika kiuno, uso umempauka, akanunua kitana. Mimi nikamwambia, "Hicho ni kizuri, dada, hakivunjiki meno." Jumapili hakuonekana kanisani. Kesho yake walimbeba hospitali anatetemeka kwa homa, maambukizi ya mkojo yamepanda mpaka kwenye figo. Daktari, mama mmoja Mfiji mwenye sauti kubwa, akamfokea:

"Mama, si nasikia kaka yako ana duka la dawa?"

"Ndiyo, daktari," akajibu Kalolaine. "Ndiyo maana nimechelewa."

Haya nilisimuliwa na Lupe, binti yake. Kwetu mpwa ana amri juu ya mjomba, na Lupe amri yake haipumziki. Alikuja, akakalia kaunta, akafungua pipi za kikohozi bila kuuliza.

"Mjomba, mama ana miswaki mingi kuliko meno."

Nikajifanya nahesabu vidonge.

"Unamuua kwa heshima, unajua?"

"Sasa ulitaka nifanye nini, bibi mkubwa?"

"Mimi nitajuaje? Wewe si ndiye ulisomeshwa chuo huko Suva?"

Jioni ile nikafungua jarida lako, Mhariri. Malalamiko yangu ni haya.

1. Hospitali. Mliandika kwamba mfamasia wa hospitali "hufanya kazi nyuma ya pazia". Pazia nimeliona. Nilijitolea huko, nikapangiwa wodi ya wazazi. Kitanda cha kwanza dada, cha pili dada, cha tatu mke wa mchungaji, cha nne dada. Nikipita wanajifunika shuka mpaka kichwani. Nesi mkuu akaniita pembeni. "Kitione, tangu uje hakuna mgonjwa anayelalamika maumivu."

"Si vizuri?"

"Mmoja amezaa kimyakimya ili usisikie. Nenda nyumbani, baba."

2. Elimu ya afya redioni. Mlisema redio "humfikia kila mtu". Kweli, ndiyo ubaya wake. Nilipewa mada ya kuharisha, saa ya chakula, saa ambayo kaka na dada wamekaa chumba kimoja wanakula. Nilipofika kwenye sentensi ya pili nyumba zote zikazima redio. Mtangazaji aliniambia amepata simu moja tu, ya mzee aliyetaka kujua nani amefariki maana mtaa umekuwa kimya ghafla. Kisha shangazi Fusi akanipigia.

"Kitione. Umetaja mavi mbele ya sahani yangu ya lu."

"Shangazi, mimi nilikuwa studio."

"Sauti yako ilikuwa mezani."

Shangazi akikuambia sauti yako ilikuwa mezani, unaomba radhi. Nilimpelekea mkeka na nguruwe mdogo.

3. Ualimu. Nilifundisha manesi wanafunzi somo la uzazi wa mpango nikiwa nimeutazama ubao, na wao wametazama dirisha. Walifeli wote. Mmoja aliniandikia kwenye karatasi ya mtihani, "Samahani kaka, majibu ninayo lakini siwezi kukupa."

4. Dawa za mifugo. Hapa nilikuwa na matumaini makubwa, kwa kuwa nguruwe si ndugu yangu. Lakini nguruwe ana mwenyewe. Binamu yangu Siosiana, naye dada, aliniletea jike lake lenye mimba, akasimama ng'ambo ya uzio.

"Ana shida."

"Shida gani?"

"Shida tu."

"Wapi?"

Akatazama bandarini.

"Upande wa mbele au wa nyuma?"

Akaenda zake. Nguruwe alibaki. Yuko kwangu mpaka leo, na ameshazaa, na watoto wake wamekula mihogo ya jirani.

5. Kampuni za dawa. Niliitwa kwenye usaili Auckland, nikasema huko mji ni mkubwa, nitapumua. Msichana wa mapokezi akainuka: "Kaka Kitione!" Binti wa mama mdogo. Dawa niliyotakiwa kuinadi mbele ya wakubwa ilikuwa krimu ya bawasiri, na yeye ndiye aliyekuwa akiingia na kutoka na chai. Nilieleza uzuri wa krimu ile kwa nusu saa bila kutaja inapakwa wapi. Walifurahi sana. Mmoja akauliza kama inafaa usoni. Nakiri nilisema inafaa.

Kwa hiyo, Mhariri, naomba mambo mawili. Kwanza, toleo lijalo msahihishe makala yenu, mweleze kwamba kazi zile zote ni kwa wafamasia waliozaliwa peke yao, na ikiwezekana wazazi wao nao wawe walizaliwa peke yao. Vyuo viwapime vijana wa visiwani kabla ya kuwapokea: mwenye dada zaidi ya mmoja apelekwe uhasibu. Pili, naomba unidhamini. Nimeomba kazi ya kutunza stoo ya dawa kwenye kituo kimoja cha utafiti Antaktika. Nimechunguza. Wakazi wengi wa huko ni penguini, na sijasikia penguini yeyote mwenye asili ya Vava'u. Tangazo la kufunga duka nimeshalibandika mlangoni. Mwisho wa mwezi nafunga. Wanaohitaji dawa watapanda meli mpaka kisiwa kikuu, ambako kuna wafamasia wa kutosha, na dada zao wenyewe.

Kuna jambo sijamwambia hata Lupe, na nikiliacha barua hii itakuwa ya uongo. Ijumaa ile nilijua. Nilimwona Kalolaine anavyovuka barabara, mkono kiunoni, hatua fupifupi, nikajua ugonjwa kabla hajafika mlangoni. Dawa ilikuwa nyuma ya kichwa changu, na simu ya kumpigia daktari ilikuwa hapo hapo. Nikaomba moyoni asiseme kitu, maana akisema itabidi nijibu. Alipochukua kitana nilishukuru. Heshima ni yetu wote wawili, mimi na yeye, lakini ule woga ulikuwa wangu peke yangu, na nilimwuzia kitana. Ndiyo maana nataka kwenda mbali. Mtu wa namna hii akae na penguini.

Wasalimie wote hapo ofisini, wachapaji, mfagiaji, na yule kijana wa darubini kama bado anacheka. Mwambie mwandishi wa makala simchukii. Namwonea wivu tu.

Ni mimi niliyekwisha kununua soksi nzito,

Kitione Vea
Mfamasia

Nyongeza: Mhariri, bahasha nilikuwa sijaifunga. Asubuhi hii Kalolaine ameingia. Amesoma tangazo mlangoni, akaja moja kwa moja mpaka kaunta. Hakutazama rafu. Dukani alikuwepo mtu mmoja mwingine tu, bibi 'Alisi, anayekuja kila siku kujipima uzito.

"Kaka yangu Kitione yupo?" Kalolaine akaniuliza.

Nikamtazama.

"Nimeuliza, kaka yangu yupo?"

Sijui neno lilitoka wapi. Nikasema, "Hayupo, mama. Ametoka."

"Atachelewa?"

"Atachelewa sana."

"Afadhali." Akashika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. "Basi wewe mfamasia nisikilize. Ile shida imerudi tangu jana. Nikikojoa inachoma, na sitaki kungoja kama mara ile."

Sauti yake ilitetemeka, na yangu ilikuwa mbaya zaidi. Lakini nimemuuliza yote yanayopaswa kuulizwa: inachoma saa ngapi, kuna damu, kiuno kinauma upande gani. Amejibu yote, ananitazama usoni kama ninavyotazamwa na mtu wa benki. Nimempima joto, nimempigia yule daktari Mfiji, akatoa agizo, na kidonge cha kwanza Kalolaine amekimeza hapahapa kwa maji yangu. Amefika mlangoni akageuka.

"Kaka yangu akirudi, mwambie nimepita kumsalimia."

"Nitamwambia, mama."

Bibi 'Alisi akashuka kwenye mizani taratibu. Akaja kaunta, akaangalia kulia, akaangalia kushoto.

"Huyo Kitione," akasema, "si hata kwangu ni kaka, upande wa babu?"

"Ndiyo, bibi."

"Na kwangu pia ametoka?"

"Ametoka."

"Basi sogea nikwambie. Sijapata choo tangu Alhamisi."

Kwa hiyo tafadhali usiichapishe barua hii, na wale wa Antaktika waambie hunifahamu. Tangazo nimelibandua. Ningekueleza zaidi, lakini Lupe ameshatembea mtaa mzima na habari, na sasa kuna foleni ya wanawake mpaka barabarani, na kila mmoja anaanza kwa kuuliza kama kaka yake yupo.