Turudishieni Mdai Wetu Mkali

Kwa Ndugu Meneja,
Duka la Samani na Vyombo vya Umeme.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MKUSANYA MADENI WENU ANAYETUFANYA TULIPE

Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, na kwamba makochi yote yaliyobaki dukani nayo hayajambo. Sisi huku nyumbani hatujambo, isipokuwa kitinda mimba wetu anaota magego, na hilo nitalifikia.

Mimi ni fundi vitasa. Mke wangu anapima macho ya watu katika duka la miwani, kwa hiyo hakuna kinachompita. Tuna watoto watatu: binti wa miaka saba, kijana wa miaka minne, na huyo wa magego. Huyo wa magego alipofikisha wiki mbili tangu azaliwe, tulikuja dukani kwako kununua beseni la kumwogeshea. Tulitoka na friji, mashine ya kufulia, kitanda cha ghorofa na kochi la watu watatu, vyote kwa mkopo wa awamu sitini, kila Jumamosi awamu moja. Beseni tulilisahau.

Siandiki kulalamikia deni. Deni ni halali yetu, tulisaini wenyewe, tena kwa kalamu yenu. Ninalalamikia namna tunavyodaiwa.

Miezi mitano ya mwanzo mlikuwa mnatutumia bwana mmoja ambaye watoto wangu walimpa jina la Radi. Naomba nimsifu kwa dhati. Pikipiki yake tuliisikia tangu kona ya duka la dawa, tukapata dakika nne nzima za kujiandaa: redio inazimwa, viatu vinaondolewa mlangoni, mimi nafunga vitasa vyangu vitatu na komeo moja, na familia yote inahamia chumba cha nyuma. Radi alipiga mlango kwa ngumi, akatangaza deni letu mpaka mtaa wa pili wakalijua kwa tarakimu, akachoka, akaenda zake. Sisi tukarudi sebuleni tukanywa chai. Katika wiki ishirini za Radi tulilipa awamu tatu tu, na moja kati ya hizo ni kwa sababu alikutana na mke wangu njiani. Nyumba ilikuwa na utaratibu wake.

Kisha tukasikia kwamba daktari amemkataza Radi kupaza sauti, nanyi mkamhamishia ghalani. Mahali pake mkatuletea mama mmoja mtu mzima, mwembamba, mwenye mkoba wa kahawia na raba nyeupe. Hapa kwetu anaitwa Mama Taratibu. Malalamiko yangu dhidi yake ni haya yafuatayo.

1. Hapigi kelele.

Jumamosi ya kwanza alikuja kwa miguu, hatukusikia chochote. Aligonga mara moja, tena kwa kidole, halafu akanyamaza. Ndugu Meneja, mimi najua kujificha kwa mtu anayepiga kelele, kwa sababu kelele zikiisha unajua ameondoka. Mtu aliyenyamaza utajuaje? Tulivumilia dakika kumi na mbili. Nilipochungulia kwenye tundu la ufunguo nilimwona ameketi kwenye ngazi, amevua raba moja, anakung'uta kijiwe. Binti yangu akanivuta shati akasema, "Baba, yule bibi amekaa juani."

Nilifungua. Vitasa vitatu na komeo, vyote nilivyofunga kwa mikono yangu na kuwaapia wateja kwamba hata mimi mwenyewe sivifungui bila sababu.

2. Hadai.

Aliingia, akaomba maji ya kunywa, akauliza mtoto ana nini. Mtoto alikuwa analia tangu Alhamisi kwa ajili ya jino la kwanza. Alimchukua, akamlaza begani upande wa kushoto, akaanza kuimba kitu kisicho na maneno, na kwa muda ule ninaochukua kufungua kufuli iliyopotezewa ufunguo, mtoto alikuwa amelala fofofo. Akaketi naye kwenye kochi lenu. Nasema lenu kwa sababu wakati ule lilikuwa bado lenu.

Deni hakulitaja hata kidogo. Mimi nilikaa macho kama mlinzi nikisubiri alitaje ili nimkatalie, na majibu nilikuwa nimeyaandaa, mazuri sana. Badala yake nilimwona mke wangu anainuka mwenyewe, anaingia chumbani, na anarudi na kasha langu dogo la chuma ambalo ufunguo wake nilidhani ni mimi peke yangu ninayejua uliko. Zilikuwa pesa za simu mpya. Zikawa awamu mbili. Nakuuliza kama mtu mwenye biashara yake: je, huko ni kudai?

3. Amewageuza watoto wangu kuwa wahasibu.

Alimfundisha binti kuchora visanduku vidogo nyuma ya kalenda ya mwaka jana, kimoja kwa kila awamu. Kila Jumamosi binti anapaka rangi vilivyolipwa. Kalenda imebandikwa nyuma ya mlango wa chumba chetu, ndicho kitu cha kwanza ninachokiona nikiamka. Siku hizi siwezi kununua soda. Nikishika chupa tu, yule mtoto ananitazama na kuuliza, "Baba, hiyo ni robo ya kisanduku au nusu?" Nimeacha soda. Nimeacha pia kucheza bahati nasibu, kazi niliyoifanya kwa uaminifu miaka sita bila kushinda.

Kijana wa miaka minne yeye amezidi. Aliona dada yake anapaka rangi, mama yake anahesabu, akaona wivu. Akamletea Mama Taratibu kifungo cha shati. Mtu mwingine angecheka yakaisha. Yeye alivaa miwani, akafungua mkoba, akaandika risiti: "Nimepokea kifungo kimoja cheupe, chenye matundu manne. Ahsante." Tangu siku hiyo kijana analipa kila wiki. Mashati yangu yamebaki wazi kama mapazia. Wiki iliyopita nilikwenda kumfungulia mlango mama mmoja aliyejifungia nje, nikiwa nimejibana kwa pini tatu, naye akaona heri angoje mume wake. Nakala za risiti kumi na moja za vifungo nimeziambatanisha hapa.

4. Amenichafulia jina.

Jirani yangu, fundi rangi, tulikuwa tukijificha pamoja. Akiona pikipiki kwanza anagonga ukuta mara mbili, nikiiona mimi kwanza nagonga mimi. Huo ulikuwa udugu. Sasa ameacha kugonga. Mwezi uliopita alikuja, akasimama mlangoni ameshika kofia, akaniomba nimkopeshe kidogo kwa kuwa, alivyosema, mimi ni mtu anayelipa. Nimeishi mtaa huu miaka tisa na hakuna aliyewahi kunitusi namna hiyo.

5. Deni linakwisha.

Hapa ndipo penye uzito, Ndugu Meneja, na nakuomba uketi kama umesimama.

Jana binti alihesabu visanduku vyeupe. Vimebaki vitatu. Huyo mama amekuja hapa karibu mwaka mzima, na katika muda huo tumelipa awamu hamsini na nne, wakati mwingine mbili mbili, kwa furaha, kama watu waliorogwa. Baada ya wiki tatu hatutadaiwa tena, na asiyedaiwa hatumiwi mkusanya madeni.

Nakueleza maana ya jambo hili. Kila Jumamosi saa nane mchana Mama Taratibu anaingia, anamchukua mtoto, na mtoto analala saa mbili begani kwake. Katika saa hizo mbili mimi na mke wangu nasi tunalala. Ndizo saa pekee za wiki nzima ambazo macho yetu sote wawili yanafumbwa kwa wakati mmoja. Tumejaribu kufanya wenyewe. Mke wangu alijifunga mtandio kama wa Mama Taratibu. Mimi nilinunua raba nyeupe, nikaimba ule wimbo usio na maneno. Mtoto alinitazama kama mteja anavyonitazama nikishavunja kitasa nilichoitiwa kukitengeneza, halafu akalia mpaka jioni.

Wala si usingizi tu. Ana stuli yake jikoni. Mke wangu alimpima macho bure, akamtengenezea miwani, na huko kazini kwake bure hakuipata hata mama yangu. Kijana hali uji wake Jumamosi mpaka aje, ili amwonyeshe bakuli likiwa tupu. Juzi mezani, bila mtu kumwuliza, aliweka kijiko chini akasema, "Tukimaliza kulipa, bibi atakufa?"

Dada yake alimwangalia mama yake, mama yake akaniangalia mimi, nami nikatoka nje nikajifanya natia mafuta bawaba za mlango. Zilikuwa hazina shida yoyote. Nilizitia mafuta muda mrefu.

Kwa sababu hizi zote, naomba kwa unyenyekevu mkubwa kama ifuatavyo.

Kwanza, mturudishie Radi, koo lake likiruhusu, ili tuanze tena kujificha na deni lipate kupumua.

Nimesoma ombi hilo upya na nimegundua kwamba Radi akirudi, Mama Taratibu hatakuja. Basi nalifuta. Naomba badala yake mumwache aje, lakini mumwagize asipokee pesa zetu kwa hali yoyote ile. Tukimsihi, akatae. Mke wangu akileta kasha, alifunge. Nitamtengenezea kufuli ya kasha hilo kwa gharama yangu.

Ikiwa sheria zenu haziruhusu kukataa pesa, basi mtuongezee riba. Tumekuwa wateja wapole na hatujawahi kuadhibiwa kwa wiki zile ishirini. Niko tayari kukiri kwa maandishi kwamba tulikuwa ndani kila mara, na kwamba yule mbwa aliyembwekea Radi kutoka ndani alikuwa ni mimi.

Na ikiwa riba nayo haiwezekani, pale dukani karibu na mlango pana kabati kubwa la rangi ya maini, lenye kioo kinachorefusha uso, ambalo limekaa tangu tulipokuja mara ya kwanza na halina mnunuzi. Nitalichukua. Halitaingia mlangoni, nimeshapima, lakini mimi ni fundi, nitaung'oa mlango. Sharti langu ni moja: awamu zisipungue mia tano, na kila moja idaiwe kwa mkono, nyumbani, Jumamosi saa nane mchana, na mtu mwenye raba nyeupe. Nimepiga hesabu. Kufikia awamu ya mwisho huyu wa magego atakuwa darasa la tano, na nadhani kufikia hapo atakuwa amejifunza kulala mwenyewe.

Mke wangu hajui habari za barua hii. Nitashukuru mkinijibu kwa anwani ya kibanda changu cha kazi.

Nisalimie mhasibu wenu. Wasalimie wale vijana wawili walioleta friji na kukwangua ukuta wa jikoni; waambie kovu bado lipo na tunawakumbuka kila tukipita. Msalimie Radi huko ghalani na umwambie anywe vitu vya vuguvugu. Wasalimie wote wanaodaiwa na duka lako, walioko ndani na wanaosema hawapo.

Wako mdaiwa mwenye wasiwasi wa kuacha kuwa mdaiwa,

Fundi Vitasa,
nyumba yenye mlango wa vitasa vitatu na komeo.

N.B. Nilikuwa nimeiacha barua hii mezani wino ukauke, nikasahau kwamba leo ni Jumamosi. Mama Taratibu ameingia, amemlaza mtoto begani, amevaa ile miwani aliyotengenezewa na mke wangu, na ameisoma yote, pamoja na sehemu ya mbwa. Nilisimama pale nikiwa sina pa kujificha ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Alipomaliza aliikunja vizuri, akanitazama, akasema, "Mwanangu, hivi wewe ulidhani nakuja hapa kwa ajili ya kochi?"

Ameniambia pia kwamba Jumamosi si zamu yake tangu miezi saba iliyopita. Siku yake ya mtaa wetu ni Jumanne. Anakuja leo kwa sababu Jumamosi nyumbani kwake kimya ni kingi, na kwa sababu mtoto anaota magego.

Kwa hiyo tafadhali pokea awamu tatu za mwisho, zote kwa pamoja, humu ndani ya bahasha. Mke wangu amezihesabu, maana naye barua ameshaisoma. Binti amepaka rangi visanduku viwili, na cha tatu amemwachia bibi akipake mwenyewe mtoto akiamka. Vifungo kumi na moja vimetoka kwenye mkoba wa kahawia, vyote, na sasa hivi vinashonwa. Maombi yangu yote yaliyotangulia yafutwe. Kabati lile mpelekeeni jirani yangu fundi rangi, ana kitasa kimoja tu, Radi akipona koo hatapata tabu kumdai.

Risiti yetu ya mwisho itumeni kwa posta. Msimpe yeye ailete. Jumamosi huwa hayuko kazini, ana kwao pa kwenda.